Kijiko Ndani ya Kopo la Chumvi

Kuna sauti ambayo hadi leo hunifanya niache ninachokifanya: punje za chumvi ya mawe zikikwaruza ubavu wa kopo mtu anapozichota na kijiko. Nyumbani kwangu natumia chumvi laini ya pakiti, ile isiyo na kelele. Watoto wangu hudhani napenda vitu vya kisasa, nami nimewaacha wadhani hivyo.

Mama yangu alikuwa muuza samaki. Asubuhi na mapema alikwenda Dunga, kwenye ufuo wa ziwa, kununua samaki aina ya ngege, akirudi anawapasua mgongoni, anawafungua kama kitabu, anawapaka chumvi na kuwaanika kwenye kichanja nyuma ya nyumba yetu pale Kisumu. Hiyo ndiyo obambla, na ndiyo iliyotusomesha. Kwa hiyo tungeweza kukosa vingi, lakini si chumvi. Ilikaa chini ya meza, kwenye kopo kubwa lililokuwa la mafuta ya kupikia, na Mama aliitumia kwa kila jambo. Sufuria ikiungua, ilisuguliwa kwa chumvi na majivu. Leso mpya ililowekwa kwenye maji ya chumvi isichuje rangi. Utelezi wa kambare ulitolewa kwa chumvi. Ukilalamika koo, unasukutua. Ukilalamika jino, unasukutua. Ukilalamika kwamba shule imekuchosha, unasukutua pia, na ajabu ni kwamba ulipona papo hapo.

Siku moja nilitoka ziwani na mruba umeniganda kwenye kifundo cha mguu. Mama aliunyunyizia chumvi. Ukajikunja, ukaachia, ukatoka maji mpaka ukabaki kama kipande cha uzi mweusi. Nilicheka sana. Nilikuwa na miaka tisa, na kuanzia siku ile niliamini hakuna kinachoishinda chumvi.

Kisha ikaja mvua moja mbaya, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Visima vya mtaa wetu vilijaa maji yenye rangi ya chai, vyoo vikafurika, na kabla matope hayajakauka likapita gari lenye kipaza sauti likituambia tuchemshe maji kwa sababu ya kipindupindu. Watu wakaacha kusalimiana kwa mkono. Na watu wa Kisumu wakiacha kupeana mikono, jueni jambo limeharibika. Nyumba ya tatu kutoka kwetu ilifungwa, na mbele ya mlango wake pakamwagwa unga mweupe. Ilikuwa chokaa, lakini mimi nilidhani ni chumvi, nikaona wamefanya vizuri.

Jumamosi moja mdogo wangu Omondi, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, akaanza kuharisha. Baba alikuwa kazini Nakuru, kwa hiyo tulikuwa sisi watatu tu. Mama alikataa kumpeleka hospitali. Alisema kule wagonjwa wanalala chini, na mtoto ataenda na ugonjwa mmoja arudi na mwingine. Akamtengenezea maji aliyofundishwa kliniki: lita moja iliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari, na nusu kijiko tu cha chumvi. Nilisimama karibu nikimtazama akihesabu. Omondi alikunywa, na hadi usiku alikuwa anacheza na kifuniko cha sufuria.

Jumapili asubuhi akaanza tena, na sukari ilikuwa imeisha. Siku zile sukari ilikuwa imepotea madukani, jambo la aibu kwa mji uliozungukwa na mashamba ya miwa. Mama akajifunga leso na kuniita.

"Nyathina," alisema, hivyo ndivyo Waluo tunavyomwita mtoto wetu, "naenda Nyamasaria kwa mama yako mdogo, yeye ako na sukari. Haya maji mpe kidogo kidogo na kijiko. Yakiisha, ningoje. Usifanye kitu kingine."

Maji yaliisha kabla ya saa nne, na Mama hakuwa amerudi. Omondi alikuwa akilia na kunyoosha mkono kwenye kikombe kitupu. Maji ya kuchemshwa yalikuwapo kwenye birika. Chumvi ilikuwapo. Kilichokosekana ni sukari, na mimi nilikuwa nimeshaamua sukari ni ya nini: ya kuudanganya ulimi wa mtoto, ili dawa ipite. Dawa yenyewe ni chumvi, nani asiyejua? Nikaona Mama amejisumbua bure kwenda kote huko. Nikamimina maji ya birika kwenye jagi, nikavuta kopo kutoka chini ya meza, nikachota kwa kijiko kikubwa cha ugali, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ile nafasi ya sukari niliijaza kwa chumvi.

Niwaambie ukweli wenzangu, nilijisikia mtu mzima. Nilimpenda mdogo wangu na nilikuwa namponya.

Aliyatema ya kwanza. Nikambana pua, kama Mama alivyofanya kwa dawa ya minyoo, akameza. Yakamrudia, nikampa mengine. Kiu ilikuwa imemkamata vibaya hivi kwamba baadaye alikishika kikombe mwenyewe, na kila alipokunywa alizidi kutaka. Nikasema dawa inakubali. Kilio chake kikawa kikavu, kinatoka bila machozi. Macho yake yakazama kama ya ngege aliyekaa kichanjani siku mbili. Kisha akanyamaza. Nilishukuru kwa ule utulivu, nikaenda kusugua sufuria.

Ni utulivu huo uliomleta Mama Zaituni, jirani yetu wa ukuta mmoja, mke wa fundi cherehani. Alikuwa amesikia kilio tangu asubuhi, sasa hakisikii.

"Mbona mtoto kanyamaza hivi?"

Nikamwambia nimempa dawa, amelala. Alimwinua Omondi, kichwa kikaanguka upande. Akaangalia jagi. Akachovya kidole, akakionja, akatema sakafuni. Hakunipigia kelele. Aliniuliza amekunywa kiasi gani, nami nikamwonyesha kwa kidole kwenye kikombe, na hapo nikaona uso wa mtu mzima ukiogopa. Sikuwa nimewahi kuuona.

Alimfunga mgongoni kwa leso yake akimwita mumewe alete baiskeli. Kabla ya kutoka alirudi, akamwaga jagi mtaroni na kulisuuza.

"Mama yako akirudi mwambie tuko hospitali. Habari ya maji haya niachie mimi."

Nikabaki peke yangu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa karibu na kichanja. Ngege waliopakwa chumvi jana yake walikuwa wakidondosha maji chini, tone baada ya tone, na ardhi ikiyanywa. Nilikaa nikiyatazama bila kujua ninatazama nini.

Mama alifika saa saba, amebeba sukari ndani ya karatasi ya gazeti. Nilimwambia neno moja tu, hospitali. Aliiweka sukari mezani taratibu, kana kwamba ingevunjika, akakimbia.

Omondi alitundikiwa maji siku tano. Mara mbili Mama alirudi kubadilisha nguo, na mara zote mbili nilikuwa tayari kusikia kwamba nimemuua. Siku ya sita alirudi naye mgongoni, mwepesi, lakini anageuza kichwa kufuata kuku. Jioni hiyo Mama alivuta kopo ili apike. Ndani yake kulikuwa na kijiko kikubwa cha ugali, kimesimama pale nilipokisahau. Alikitoa, akakifuta kwa leso, akakirudisha mahali pake. Hakuuliza. Mama Zaituni hakusema, nami sikusema, na nilikua nikiamini kwamba siri ile ina watu wawili.

Wala hakulihamisha kopo. Aliendelea kunituma, Atieno lete chumvi, nami nikaleta. Jambo moja tu lilibadilika, na sikuliona kuwa ni jambo. Nikimpelekea Omondi maji, Mama alinyoosha mkono, akapokea kikombe, akanywa funda moja, ndipo akampa. Maji, uji, chai, chochote kilichotoka mkononi mwangu. Nilidhani ni kumdekeza mtoto wa kiume, na nilimwonea wivu miaka mingi.

Mwaka juzi tulikuwa kwa Omondi, Kisian. Ni baba wa watoto wanne sasa, mnene, anakoroma hata akiwa amekaa. Jua lilikuwa kali, nikammiminia maji. Mama, ambaye sasa haoni vizuri na hukosea hata majina ya wajukuu, alinyoosha mkono na kuichukua glasi, akanywa funda moja, akampa mwanawe. Mke wa Omondi akacheka, akamuuliza, "Mama, unaogopa Atieno amemwekea sumu?"

Mama aligeuza uso akanitafuta mimi, akanipapasa goti, mara mbili, taratibu, kama mtu anayemtuliza mtoto asilie. Omondi akamaliza maji na kuomba mengine.