Mwanajeshi wa Kuja na Kiranja Wangu

Mimi ndiye niliyemwingizia binti yangu habari za yule mwanajeshi. Nilizisoma sekondari, kwenye kitabu kisicho na jalada: kijana kavuka mpaka, kaingia jeshi la watu, wakamcheka matamshi, akapigana vita visivyokuwa vya kwao, na mwisho akala kiapo cha urais wa nchi ile ile iliyomcheka. Binti yangu alikuwa hachoki. Nasonga ugali, yeye ananing'ang'ania, "Mama, wakamcheka tena?" Wakamcheka, nasema, na cheo akapanda.

Baba yake ni wa Nakonde, upande wa Zambia. Kutoka kwetu Tunduma ni kuvuka tu, na lugha yetu ni moja, Kinamwanga. Lakini gombana na jirani uone: "Rudini kwenu Zambia!" Mimi nimezaliwa hapa. Mtoto naye kazaliwa hapa.

Mwaka huu wenzake walimchagua kiranja mkuu. Wiki hiyo hiyo akaja mgeni wa serikali shuleni, mtoto akatangulizwa kumpokea. Badala ya shikamoo, akachuchumaa, akapiga makofi taratibu, viganja vimefumbwa kidogo, kama bibi yake wa ng'ambo alivyomfundisha kumheshimu mkubwa. Mstari mzima wa wanafunzi ukaangua kicheko. Mgeni akauliza, "Huyu mmemtoa wapi?" Jioni akavuliwa cheo.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mbele ya mwalimu mkuu, mdogo wa binti yangu mgongoni. Shikamoo sikutoa.

"Mama, kaa kwanza."

"Sikai. Mwanangu kakosa nini?"

"Hajakosa. Ila kiranja mkuu ndiye sura ya shule."

"Kwa hiyo sura ya mwanangu ina nini?"

Akaangalia dirishani. Nikammwagia habari yote ya mwanajeshi, kwa sauti, mpaka walimu wa chumba cha pili wakanyamaza wasikilize.

"Sawa," akasema. "Huyo alikuwa na bunduki. Wako ana nini?"

"Ana mama."

Kule chumba cha pili mtu akacheka. Mwalimu mkuu akajikuna kidevu. "Haya, awe msaidizi."

"Msaidizi wa nani? Wa yule ambaye mwanangu alimshinda kwa kura?"

Binti yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akanivuta kitenge. "Mama, mimi naitaka hiyo nafasi. Ukizidi kugomba nitakosa zote."

"Wewe nyamaza!"

"Kwani yule mwanajeshi hakuanzia chini?"

Mwalimu akamtuma akapige kengele, naye akakimbia mbio, anafurahi kabisa, kama vile hajanyang'anywa kitu.

Nikatoka. Nyumbani sikwenda. Nilitembea mpaka kwenye foleni ya malori ya mpakani nikarudi, mdogo wake analia mgongoni, mimi najibizana na yule mwalimu peke yangu, wapita njia wananishangaa. Mtoto kakubali. Mimi sijakubali, na siku wazazi tukiitwa shuleni, hakuna atakayesimama kusema kabla yangu.