Kashata za Kupeleka Ufaransa

Jumamosi ya wiki iliyopita, alfajiri, ndani ya basi namba 53 kutoka Woolwich, huku ughaibuni, nilikaa nyuma ya mama mmoja wa Kiunguja na binti yake. Mama alikuwa amepakata kikapu cha kashata. Walikuwa wakiwahi basi la watalii, washinde kutwa wakitembelea vijiji vya kale vya Ufaransa.

“Mama, huko hatumjui mtu,” binti alisema. “Tunaangalia nyumba tu, tunarudi. Watadhani unauza.”

“Nyumba za watu hizo. Nikazikodolee macho mikono mitupu?”

“Utanitia aibu.”

“Basi nishushe hapa, wende peke yako.”

Mama akakifunika kikapu kwa kanga.

Kimoyomoyo nilikuwa upande wa binti. Shuleni tulikaririshwa mito yote ya Ufaransa, lakini hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba kandokando yake wanaishi watu wa kupelekewa kashata.

Juzi nilimkuta mama yule tena, katika basi lilelile. Nikamsalimu, nikamuuliza habari za safari.

“Bibi mmoja alikuwa akifagia mlangoni pake. Nikampa kashata, akanipa kiti. Binti yangu kakizunguka kijiji chote, mie nimekaa.”

Mimi hupenda majina kamili, nikamuuliza kijiji kinaitwaje.

“Jina limenitoka, bwana,” alisema, akigusa goti lake la kushoto. “Lakini yule bibi anaumwa hapa, kama mie.”