Muhogo wa Mama

Mama aliogopa kutuua. Hakuna aliyemshuku, alijishitaki mwenyewe, kila asubuhi, mbele ya pipa alilolowekea muhogo nyuma ya nyumba yetu ya mtaa wa Kadutu. Muhogo mchungu una sumu. Kila mwanamke wa kwetu huuloweka mpaka ulainike, akauanika, akautwanga, basi. Mama aliutoa, akaunusa, akaurudisha majini. Ulipolainika, moyo wake ulimwambia bado. Ulioza humo, akaumwaga, akaanza upya, na sisi tukala viazi mpaka viazi vikaisha.

Siku alizothubutu kupika ugali wa muhogo huo, yeye hakula. Alituangalia midomo.

“Haiko muchungu?”

“Hapana, mama.”

“Tumbo haiumi?”

“Bugali iko muzuri, mama, acha tukule!”

Uso wake ulitulia kama ziwa baada ya mvua. Kabla sijameza tonge la pili, aliuliza tena.

Papa, baba yetu, alikuwa karani mjini, na alirudi na njaa. “Tutakufa na njaa juu ya kuogopa sumu,” alisema, akacheka peke yake. Kisha, bila kucheka: “Ikiendelea hivi, nitakurudisha kwenu. Batoto batabaki.”

Tukampeleka zahanati. Masera, mtawa muuguzi, hakumpiga sindano. Alisema amewajua watu waliorudi kuungama dhambi ileile tangu asubuhi hadi jioni. Kadiri padri alivyowatuliza, ndivyo walivyorudi upesi.

“Hana wazimu, na si uchawi,” alimwambia papa. “Ni woga unaokula majibu yenu. Muhogo auloweke jirani. Mama apike, ale pamoja nanyi. Akiuliza, musimujibu.”

Jumapili tulikaa kuzunguka bugali wa muhogo aliouloweka jirani. Sanduku la mama lilikuwa karibu na mlango. Papa alikuwa amelifunga tayari.

“Haiko muchungu?”

Tulitafuna.

Alinishika mkono. “Mutoto wangu, sema mara moja tu. Niko nakuomba.”

Neno lilijaa kinywani mwangu kuliko chakula. Papa alikazia macho bakuli la maharagi. Mdogo wangu alianza kulia. Mama, jasho likimtiririka shingoni, alikata tonge dogo, akalitia mdomoni. Alishindwa kulimeza, alishindwa kulitema. Tulimngoja.

Akameza.

Kisha akanigeukia, na swali bado lilikuwa machoni mwake, zima kabisa. Niliinamisha uso, nikakata tonge jingine.