Fundi Aliyekosea Mlango

Asubuhi ya mwisho waliyokaa pamoja kama kawaida yao, Fundi alikuwa akicheka peke yake. Mjukuu wao wa kike alikuwa akimtungia uzi kwenye sindano. Mumewe, mwashi mstaafu, alikuwa akipuliza chai. Alijua kinachomchekesha ni kile kisa cha shuleni, cha miaka kumi na mmoja iliyopita, na bado kilimtekenya kama cha jana.

"Unamkumbuka yule baba wa mguu?"

"Namkumbuka."

"Wewe nawe! Kila kitu unakumbuka, ila husemi."

Siku mbili baadaye moyo wa Fundi ulisimama. Kisa kimebaki kwa mumewe.

Miaka hiyo Fundi alikuwa akishona sare za shule hapo barazani kwake. Mkono wake ulikuwa mwepesi, hadi chupa ya pombe ilipohamia chini ya meza ya kukatia. Kwanza ikawa ya Jumamosi, kisha ya kila jioni, kisha ya kabla ya chai. Kola zikaanza kwenda upande. Binti yao, mjamzito wa miezi sita, akaja akasimama mlangoni. Hakuketi.

"Mama, nakupenda. Ila mwanangu hutamshika ukiwa hivi."

Fundi alimjibu kwa matusi. Kesho yake alikwenda zahanati kuomba msaada. Nesi akamwambia wapo watu walioacha pombe, hukutana kila Jumamosi saa nne pale shule ya msingi. Wanaketi, wanasemeshana, wanashikana mkono.

"Naenda," alimwambia mumewe. "Ila twende wote. Peke yangu nitapotelea njiani."

Na njia yenyewe ilipita mbele ya vilabu vitatu vya pombe.

Walipofika getini, mlinzi aliuliza wamefuata nini.

"Mkutano," Fundi akasema. Mkutano gani, hakusema. Ulimi ulikuwa mzito kama pasi.

"Darasa lile lenye watu," mlinzi akaonyesha kwa kidole.

Mlangoni palibandikwa karatasi kubwa. Mwashi hakuisoma, shule aliijua kwa kujenga kuta zake tu. Mkewe alijua kusoma, lakini macho aliyainamisha kwa aibu, anatazama vidole vyake vya miguu. Wakaingia.

Watu kama sitini, wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu. Mwashi alistaajabu. Kumbe walevi ni wengi hivi! Na wamechana nywele! Hata muuza dawa wa pale sokoni yumo! Mwenyekiti alikuwa akizungumzia vyoo na bati lililong'oka. Mwashi akawaza, labda ndivyo wanavyoanza, wanapasha moto kwanza.

"Kuna mwenye la kusema?"

Fundi akasimama kabla moyo haujamgeuka.

"Jamani, mimi ni mlevi. Nakunywa tangu asubuhi, nashona huku naona sindano mbili. Zile suruali za mwaka jana, mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi, nilisema kitambaa kimesinyaa. Si kitambaa. Ni chupa."

Baba mmoja mnene akapiga dawati kwa ngumi.

"Kumbe! Mimi mwanangu nimempeleka hospitali mara mbili! Daktari kampima miguu kwa futi, haoni kitu!"

"Na mimi wangu nimemwekea soli nene kiatu kimoja!" mama mmoja akadakia.

Darasa zima likaangua kicheko. Mwenyekiti akajifuta machozi. "Mama, hiki ni kikao cha wazazi."

Fundi akamgeukia mumewe. "Baba, mbona hukuniambia?"

"Nilidhani wanapasha moto."

Wakacheka upya. Fundi akachomoka mbio kuelekea getini. Mwashi akamfuata, mkoba wa mkewe kwapani, na hofu moja tu kifuani: akilivuka geti lile, ataingia kilabu cha kwanza, na mjukuu atamwona kwa mbali.

Aliyemzuia ni muuza dawa, aliyekuja nyuma yao akihema.

"Mama, ngoja! Mimi sina mtoto shule hii."

"Sasa mle unafanya nini?"

"Najificha. Chumba chetu sisi wa kuacha pombe ni kile cha mwisho, nyuma ya jiko. Jumamosi ya tatu hii nafika, nashindwa kugonga, naishia kukaa na wazazi. Wanakutana kila wiki tangu lile bati ling'oke. Jumamosi iliyopita wamenichagua kwenye kamati ya vyoo."

Fundi akamkazia macho. Mdomo ukaanza kumcheza. Kikamtoka kicheko, cha kwanza tangu zamani kisichonuka pombe. Akacheka mpaka akajishika kwenye nguzo ya bendera, na muuza dawa naye hoi. Kisha kwa mkono mmoja akamshika muuza dawa, kwa mwingine akamshika mumewe, wakaenda watatu. Aliyegonga ni yeye Fundi.

Ndani walikuwa saba, viti vya plastiki, birika la chai. Kiongozi wao, bibi mwenye miwani, akawasogezea viti. "Karibuni, wanangu. Humu hakuna anayelazimishwa. Wewe mama, ukipenda, tuambie kilichokuleta."

Fundi akaketi, akavua viatu, akasema:

"Shikamoo, mama. Yangu nimeshayamwaga kule kwa wazazi, na wamenicheka mpaka aibu yote imeisha. Haya, semeni ya kwenu, mimi sitoki humu."