Ndege ya Boksi Iliyovuka Ofisi

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya chuo kimoja cha ufundi mjini Bungoma, nikisubiri barua yangu ipigwe muhuri, mama mmoja kutoka Bumula alipoingia kuomba kazi ya kufundisha.

"Vyeti viko wapi, mama?" karani akauliza.

"Sina. Lakini niko na hii."

Akatoa kikapuni ndege ya kuchezea aliyoibuni na kuikata mwenyewe kwa boksi, mabawa yameinuliwa kidogo nchani. Akairusha. Ikanyanyua pua, ikasita hewani, ikaanguka pu! Sisi wa foleni tukacheka.

"Si nilijua, bana," karani akasema.

Mama hakuona haya. Aliiokota, akaisawazisha juu ya kidole, akaitazama ikilalia mkia. "Pua ni nyepesi. Mwanangu, nipatie klipu moja ya karatasi."

Akabana klipu puani, akairusha tena, taratibu. Ikapita juu ya vichwa vyetu imenyooka, ikavuka ofisi nzima, ikatua miguuni pa mkuu wa chuo aliyekuwa akitoka mlangoni. Akaiokota, akaigeuzageuza.

"Na mkia ukikatwa?"

"Itayumba," mama akajibu. "Niliharibu saba kabla ya hiyo."

"Basi kuja Jumatatu, mwalimu."

Foleni ikapiga makofi, karani naye. Mimi nilijivuna utadhani ni dada yangu. Nyumbani Kitale nina vyeti vitatu ukutani, vyote kwenye kioo. Hakuna hata kimoja kilichowahi kuvuka chumba.