Mabega Yaligusa Chini

Leo nimeona mtu akishinda pambano na kulipoteza papo hapo.

Mimi nesi wenu nilikuwa kando ya ulingo hapa Rusimbi, na sanduku langu la dawa. Pambano la kulipwa: ngumi, mateke, mieleka, vyote ruksa.

Huku kijana wa Kibirizi. Kule mkimbizi wa Kikongo, mtu mzima, aliyewahi kucheza mieleka Olimpiki. Siku hizi anapigania hela, akipata kibali cha kutoka kambini.

Kengele ikalia. Akambeba kijana, akambwaga chali, akamgandamiza mabega chini.

Halafu akamwachia!

Akampa mkono amwinue. Kijana akaushika, akainuka, akamtandika ngumi ya taya.

Kwisha habari. Watu walicheka, na mimi nilicheka.

Nikiwa namfuta damu yule Mkongo, akaniambia, "Dada, kwetu mieleka mabega yakigusa chini, imeisha. Nilisahau."

Kijana akaja, mkanda wa ushindi kaushika tu mkononi.

"Shikamoo, mzee. Pale chini nilijua umenishinda."

"Marahaba." Akauliza basi la Kasulu, la kurudi kambini, linaondoka saa ngapi.

Mwamuzi alishaondoka. Amueni nyie.