Njia Iliyofagiliwa Carama

Nilipomaliza chuo kikuu, idara ya mitambo, kitu cha kwanza nilichobuni kwa akili yangu mwenyewe kilikuwa ufagio. Kazi sikuwa nayo. Vita vilikuwa katika miaka yake ya mwisho, ingawa hakuna aliyejua kwamba ni ya mwisho, na mimi nilikuwa naishi Kanyosha, kusini mwa mji, kwa mama mdogo, katika nyumba ya kupanga ambayo madirisha yake yalitetemeka kila silaha kubwa zilipolia milimani. Mama mdogo alitaka kurudi kwake Carama. Mimi sikutaka, ila sikuwa na sababu ambayo ningeweza kuisema kwa sauti.

Yeye na mume wake walikimbia kutoka Carama wakati mitaa ya kaskazini ilipobaki tupu, wakajihifadhi Gatumba. Asubuhi moja baba mdogo, yule mume, akasema anarudi mara moja tu kuchukua cherehani. Hakuonekana tena. Hakuna aliyemwona akianguka, hakuna aliyemzika. Baada ya kungoja sana, ndugu zake walikaa wakasema amekufa, na mama mdogo akaingia kwenye kilio.

Kilio cha kwetu kina masharti yake. Nyumba ya mfiwa, kiwanja hakifagiliwi mpaka inapoandaliwa siku ya kuondoa kilio, siku ambayo ukoo hukusanyika, wakanywa pombe ya mtama kwa mirija, na mkubwa wao akasema sasa inatosha. Siku hiyo lazima ifanyike nyumbani kwa marehemu, na nyumbani kwa marehemu kulikuwa hakufikiki. Kwa hiyo kilio kilibaki kinaning'inia. Mama mdogo hakwenda harusi ya mtu, hakununua kitenge kipya, hakulima hata mstari mmoja wa maharage. Watu walimsalimia kwa sauti ya chini kana kwamba habari ilifika jana. Na kule Carama kiwanja kilikuwa hakifagiliwi, mvua baada ya mvua.

Mambo yalipotulia kidogo na watu wakaanza kurudi, shemeji yake mkubwa, kaka wa marehemu, alipanga Jumapili ya kuondoa kilio. Mama mdogo alinitazama akasema, "We umesomea mashini. Kile kiwanja utakisafisha weye."

Tulienda kukiona. Geti la mabati lilikuwa limeinama lakini limefungwa kwa waya. Ndani, mafuriko ya miaka yote yalikuwa yameleta udongo mweusi wa bonde na kuuacha ukauke tabaka juu ya tabaka, pamoja na kinyesi cha mbuzi wa watu, majivu na kokwa za mawese, mpaka ukawa mgumu kama tofali. Juu yake kulikuwa na vumbi na majani makavu. Na katikati ya majani hayo, kutoka getini mpaka mlangoni, palikuwa na njia nyembamba iliyofagiliwa.

Nilidhani mama mdogo atapiga kelele. Badala yake alivua kandambili zake, akatembea peku juu ya ile njia mpaka mlangoni, akashika kufuli. Lilikuwa na kutu. Ufunguo mmoja alikwenda nao mume wake; wa pili alikuwa nao yeye, ndani ya sidiria, tangu siku waliyokimbia.

Ng'ambo ya barabara alikuwa anakaa bibi mmoja muuza makaa, ambaye hakuwahi kukimbia. Nilimuuliza kama yeye ndiye anayetufagilia.

"Mi?" Alinikodolea macho. "Mi nafagia kwa watu wenye kilio? Nichukue kifo chenu na fagio nikilete kwangu? Apana, mwana. Mi sijachoka kuishi."

"Basi ni nani?"

"Asubuhi nasikia fagio. Shwaa, shwaa. Nikitoka kuangalia, apana mutu. Sasa sitoki tena."

Tuliporudi Kanyosha nilianza kuchora. Nilijiambia nachora chombo cha kuondoa uchafu sugu, na ni kweli. Kichwa chake kilikuwa na pande tatu. Upande wa kwanza ulikuwa bapa la chuma lililokatwa kwenye resori, ile springi ya gari, la kukwangua udongo mgumu. Wa pili ulikuwa njiti za mchikichi zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli, za kufagia. Wa tatu ulikuwa raklete, mpira wa kusukuma maji na tope. Unalegeza bolti moja, unazungusha kichwa, unakaza. Nilifurahia sana ile bolti. Lakini mpini niliuchora mrefu, kisha nikaurefusha, na kila nilipofumba macho nikaona ule udongo mweusi usiojulikana una nini chini yake, niliurefusha tena. Wakati ule kila mtu aliwahi kusikia habari za mtu aliyerudi kwake, akapiga jembe, na jembe likagonga chuma kilichotegwa.

Fundi wa kuchomea vyuma wa Kanyosha aliyenitengenezea kichwa aliupima mwanzi niliouleta kwa ajili ya mpini, akacheka mpaka akavua miwani.

"We injinieri, unafagia kiwanja ama unafagia mawingu?"

"Ni mambo ya nguvu," nilisema. "Mpini mrefu unapunguza kazi."

"Mpini mrefu unaonyesha mutu mwoga. Lakini ntakuchomea."

Mama mdogo alipouona ukiwa umelala nje kwa sababu haukuingia ndani, alizunguka kuutazama mwanzo mpaka mwisho. "Watoto wa wenzangu wamesoma wakapata biro, ofisi nzima," alisema. "Wangu amesoma akapata fagio."

Tuliubeba mimi mbele, yeye nyuma, kama watu waliobeba ngazi, mpaka Carama. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Kutoka kwenye makutano ya barabara nyumba nyingi zilikuwa bado hazina mapaa, na katika zile zenye mapaa hakukuwa na sauti, hata ya redio. Nilikuwa nasikiliza kama kuna shwaa, shwaa. Nilisikia njiti za ufagio wetu wenyewe zikikwaruza nyuma ya sikio langu, na kila mara niligeuka.

Njia ilikuwa imefagiliwa upya. Usiku wa kuamkia siku ile upepo ulikuwa umemwaga majani Kanyosha, Carama, mji mzima, na yalikuwa yamefunika kiwanja chote isipokuwa pale. Alama za njiti zilikuwa bado kali, nusu duara ndogo ndogo zilizopandana kama magamba ya samaki. Nilichuchumaa. Hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Mtu anayefagia akirudi nyuma hufuta nyayo zake. Hilo nililielewa haraka na nikatulia kidogo. Kisha nikaona magamba yanaelekea wapi. Kila nusu duara lilifunika kingo za lile lililokuwa karibu zaidi na geti. Yaani yule mtu alianzia getini, akafagia akirudi nyuma, akirudi nyuma, mpaka mgongo wake ukagusa mlango. Na pale mlangoni hakukuwa na mahali pa kwenda ila ndani, na mlango ulikuwa na kufuli la kutu.

Nilimweleza mama mdogo. Nilitarajia aogope. Uso wake ulifanya kitu ambacho sikupenda kukiona: ulilainika.

"Yeye alikuwa anafagia hivyo," alisema. "Akirudi nyuma. Mwanamume pekee mtaa huu aliyefagia kiwanja chake. Walikuwa wanamucheka."

"Mama mdogo, yule ni..."

"Sijasema ni nini. Nasema alikuwa anafagia hivyo."

Sasa nilijua kinachomsumbua, na hakikuwa uchafu. Keshokutwa shemeji zake wangekuja kumwuliza mbele ya watu kama kilio kiondolewe. Akikubali, mume wake amekufa na yeye anaanza kuishi. Akikataa kwa sababu ya alama za ufagio, atabaki na kitenge kile kile mpaka naye azikwe. Alikuwa anatazama njia ile kama mtu anayesoma jibu.

"Anza kazi," aliniambia. "Anzia pale, pagumu."

Alionyesha kando ya jiwe la kufulia, ambapo udongo ulikuwa umejaa kama mgongo wa ng'ombe. Nilisimama juu ya njia, nikanyoosha mwanzi, bapa la resori likatua karibu kabisa na pale. Ndipo nikaona kwamba njia haikunyooka. Kutoka getini ilikuja moja kwa moja, lakini kabla ya jiwe la kufulia ilijipinda, ikazunguka ile sehemu kwa mbali, kisha ikarudi kwenye mstari wake. Hapakuwa na mti pale, wala shimo, wala jiwe la kumfanya mtu azunguke. Mtu mwenye ufagio mfupi wa mkononi, mgongo umepinda, anajiongezea kazi bure?

Nilianza kujibu swali lile na sikuweza kuacha. Labda zamani palikuwa na dimbwi. Lakini alama ni za leo. Labda ni mazoea. Lakini mazoea ya nani?

"Sukuma," alisema mama mdogo.

"Ngoja."

"Sukuma tu! Jumapili watu watakaa wapi? Juu ya mavi ya mbuzi?"

Alishika mwanzi nyuma yangu akausukuma. Niliuvuta. Tulivutana, mimi na mama yangu mdogo, juu ya njia nyembamba ambayo hakuna kati yetu aliyethubutu kutoka nje yake, na bapa likicheza juu ya ule udongo. Kutoka ng'ambo bibi wa makaa alipaza sauti, "Mungu wangu, wanapigania fagio!"

"Njia inapazunguka," nilisema. "Tazama. Inapazunguka."

Alitazama. Akaachia.

Kwenda kuwaita wanajeshi waliokuwa na kituo barabarani lilikuwa jambo jingine la kufikiria, na nililifikiria mwendo mzima. Wangeuliza ni wapiganaji gani walilala humo. Wangeuliza kwa nini walichagua kwetu. Nilipofika nilikuwa nimejitayarishia majibu mengi kiasi kwamba askari wa kwanza aliniambia, "We, pumua kwanza."

Walikuja wawili. Mkubwa wao alitembea juu ya njia polepole, akalala kifudifudi karibu na jiwe la kufulia, akapuliza vumbi kwa mdomo kama anayepuliza moto.

"Iko waya ya bomu," alisema.

Walitutoa nje, wakafukuza watu, bibi wa makaa akabebwa pamoja na kiti chake huku akilalamika juu ya makaa yake. Kisha yule mkubwa aliuona ufagio wangu.

"Nani alitengeneza hii?"

"Mimi, shefu."

"Kwa nini ndefu hivi?"

Macho yangu yalienda kwenye ule udongo. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, akafunga kamba ndefu kwenye mpini, akaweka bapa la resori nyuma ya waya, akatoka nje ya geti akiachilia kamba nyuma yake. Tulilala nyuma ya ukuta wa jirani. Akavuta.

Ule mlio sikuusikia kwa masikio. Niliusikia kwa meno. Vumbi lilipotua palikuwa na shimo, jiwe la kufulia lilikuwa limepasuka, na njiti za mchikichi zilikuwa zinaendelea kuanguka polepole juu ya mapaa. Ile bolti sikuiona tena.

Mama mdogo alikuwa ameshasimama. Alimwuliza askari, si mimi: "Mwenye kufagia alikuwa anajua?"

"Mama, watu walilala kiwanjani humu wakati wa vita. Aliyeitega anajua. Ama aliyewaona wakiitega."

"Mutu mwenye nyumba angeweza kuwaona?"

Askari alikunja kamba yake. "Mi siwezi kujibu ile, mama."

Walipima kiwanja chote kwa vyuma vyao vya kuchoma udongo mpaka jioni, hawakupata kingine. Jumamosi wanawake wa ukoo walikuja na majembe na fagio fupi za kawaida, wakapasua ule udongo wote na kuutoa, wakajaza shimo. Niliwahi mapema kuliko wote siku ile, na Jumapili pia, kutazama. Hakuna aliyekuwa amefagia usiku. Bibi wa makaa alisema naye hajasikia kitu. Wala hajasikia tena hadi leo.

Jumapili watu walikuja wengi. Kiwanja kilikuwa kisafi, chekundu, kimetandazwa, na kila mtu alishaambiwa kwamba hakina kitu. Walipofika getini wakasimama. Kisha mmoja akaingia, na mwingine nyuma yake, na mwingine, mstari mmoja, kwa utulivu, na pale karibu na jiwe lililopasuka mstari ulijipinda, ukazunguka mahali pale kwa mbali, ukarudi. Njia haikuwepo tena. Tuliifuta sisi wenyewe. Lakini wazee, akina mama wenye vibuyu vichwani, shemeji mkubwa na fimbo yake, wote waliipita. Wakajazana ndani ya nyumba, magoti kwa magoti, huku kiwanja kikiwa kitupu juani.

Shemeji mkubwa alisema maneno yaliyotakiwa. Kisha akamgeukia mama mdogo. "Shemeji. Tumesikia habari za fagio. Sema weye. Tumalize, ama tungoje?"

Wazee waliachia mirija. Mama mdogo aliangalia mikono yake.

"Kama ni yeye alikuwa anafagia," alisema, "kazi yake ameimaliza. Kama si yeye, Mungu amulipe huyo mutu. Mi nimechoka, shemeji. Tumalize."

Shemeji mkubwa akasema, "Basi inatosha," na wazee wakaitikia. Mtu mmoja alilia, si mama mdogo. Yeye aliinuka, akabeba kiti chake juu ya vichwa vya watu, akatoka mlangoni. Hakupita walikopita. Alikata kiwanja moja kwa moja mpaka penye shimo lililojazwa, akaweka kiti, akakaa, akanyoosha miguu.

"Ndani kuna joto," alisema kwa sauti. "Mutabanana humo mpaka lini? Mwana, leta kiti chako."

Nilikuwa nimesimama kizingitini. Nilifikiria vyuma vya askari, kama vilifika chini kiasi cha kutosha. Nilifikiria kwamba mtu mmoja anaweza kutega vitu viwili. Alikuwa ananitazama bila haraka, kitenge kipya alicholetewa na ukoo kimekunjwa mapajani, bado hajakivaa.

Nikachukua kiti. Udongo wa pale ulikuwa bado laini, na nilipokaa kando yake miguu ya kiti ilididimia kidogo, ikasimama.